Ng'ombe wa Felisita na Kopo la Kiingereza

Siku ile mjinga alikuwa Luhende. Hakusingiziwa. Ukimuuliza leo atakuambia mwenyewe, tena atakuambia huku akicheka, kwa sababu ng'ombe alipona. Angekufa, Luhende asingecheka, na huenda asingekuwepo kijijini kuulizwa.

Luhende alikuwa mkulima wa pamba katika kijiji kimoja karibu na Bariadi. Mke wake aliitwa Felisita. Mtoto wao wa kwanza ni Kabula, kwa hiyo watu waliwaita Baba Kabula na Mama Kabula. Walikuwa na shamba la pamba, shamba la mahindi na mtama, mbuzi wachache, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Ng'ombe huyo alikuwa mweupe mwenye madoa meusi. Wakamwita Madoa.

Madoa alikuwa mali ya Felisita. Alipewa na wazazi wake, na kila mtu alilijua hilo. Maziwa ya Madoa ndiyo yaliyokuwa kitoweo cha jioni. Maziwa hayo hayo ndiyo yaliyotiwa kwenye uji wa mtoto wao mdogo. Bila Madoa, nyumba ile ilikula ugali na mlenda, na kesho yake mlenda na ugali.

Miaka ile soko la pamba lilikuwa limefunguliwa. Zamani chama cha ushirika kilileta dawa ya pamba ya aina moja. Bwana shamba alikuja nayo, akaeleza kwa Kiswahili. Asiyeelewa akaelezwa kwa Kisukuma. Sasa walikuja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake. Pale Bariadi maduka ya dawa yakafunguliwa, moja leo, jingine kesho. Makopo yalijaa, ya kijani, mekundu, ya manjano. Yalitofautiana kwa kila kitu isipokuwa kimoja: yote yaliandikwa Kiingereza.

Na pale kijijini, mtu wa Kiingereza alikuwa Luhende.

Alikuwa amenunua mnadani kitabu kidogo kisicho na jalada. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili. Safu hii maneno ya Kiingereza, safu ile maana yake kwa Kiswahili. Luhende alikaa shambani akilinda mtama usiliwe na ndege, huku akikariri kwa sauti.

"Able, mwenye uwezo! Above, juu ya! Accept, kubali!"

Ndege walikimbia. Yeye akaamini ni kazi ya Kiingereza.

Alikariri hivyo mpaka akafika herufi H. Watu wakaanza kumwita Mzungu. Jina hilo alilikataa kwa mdomo, lakini kila akiitwa aligeuka upesi. Mtu akiwa na kopo, Luhende alisoma. Mtu akiwa na pakiti ya vidonge, Luhende alisoma. Alisoma kwa sauti nene, akamaliza, akatafsiri. Nani angemsahihisha?

Basi, asubuhi ile Luhende alisimama zizini akimtazama Madoa. Kupe walikuwa wamejaa masikioni na chini ya mkia. Josho la kijiji lilikuwa limekauka siku nyingi. Dawa haikuletwa tena, na ndani ya josho mliota majani. Luhende akakumbuka kopo la dawa ya pamba lililobaki nyumbani. Akalileta, pamoja na bomba la kupulizia.

Jilala, jirani na rafiki yake, akapita na ng'ombe wake akiwapeleka malishoni.

"Ng'wangaluka, Mzungu," alisalimia kwa Kisukuma.

"Ng'wangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Hilo kopo si la pamba? Au Madoa siku hizi anatoa maua?"

"Jilala, wewe utacheka mpaka kupe wakumalize," alijibu Luhende. "Funza wa pamba ni mdudu. Kupe ni mdudu. Dawa inajua mdudu, haijui anakaa wapi."

"Na kopo linasemaje?"

Luhende akalinyanyua kopo kama padri anavyonyanyua kitabu. Akasoma kwa sauti nene, "HARMFUL TO LIVESTOCK."

Herufi alizisoma zote, na hakukosea hata moja. Lakini maana hakuwa nayo. Lile neno la kwanza, *harmful*, alilijua na hakulijua. Aliwahi kulikariri, maana lilikuwa katika herufi H. Sasa lilimtazama kama mtu uliyekutana naye mnadani mwaka juzi. Sura unaikumbuka, lakini ni nani huyu? Shemeji, au yule aliyekuuzia jembe bovu? Neno la mwisho, *livestock*, lilikuwa katika herufi L. Huko alikuwa bado hajafika.

Jilala alikuwa anasubiri. Felisita naye alikuwa ametoka jikoni, anasubiri. Luhende angeweza kusema, "Sijui." Ni neno fupi, wala halihitaji Kiingereza.

"Inasema," Luhende alianza, "ni dawa kali sana. Inamaliza wadudu wote."

"Una hakika, Baba Kabula?" aliuliza Felisita.

"Mama Kabula, mimi nimefika H!"

"Sijakuuliza umefika wapi. Nimekuuliza kama una hakika."

"Nina hakika."

Jilala akawarudisha ng'ombe wake karibu na zizi. "Basi ukimaliza Madoa, na mimi hawa wangu."

Luhende akapuliza. Akapuliza masikio, mgongo, tumbo na chini ya mkia. Dawa ilitiririka. Harufu yake ilifanana na ya josho la zamani, na Luhende akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kupe wakaanza kuanguka.

"Umeona?" alimwambia Jilala. "Umeona?"

Baada ya muda, Jilala akasema, "Naona. Naona na mate."

Mate yalikuwa yanamtoka Madoa mdomoni, marefu, hayakatiki. Ngozi ya mabega ikawa inatetemeka. Madoa akapiga hatua, mguu wa nyuma ukalegea. Akapiga nyingine, akaanguka chini.

Felisita akapiga yowe. Jilala akawafukuza ng'ombe wake mbali na zizi, huku anawatukana kana kwamba wao ndio wenye makosa. Luhende alibaki amesimama na bomba mkononi. Alitaka kusema kitu, lakini maneno yote, kuanzia A mpaka H, yalikuwa yamemkimbia.

"Mkimbilie Mwalimu!" Felisita alimwambia Jilala.

Mwalimu Veronica alikaa nyumba ya tatu kutoka pale. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na pia alifundisha elimu ya watu wazima. Alikuja na kanga moja kiunoni na chaki bado vidoleni. Hakumtazama Luhende, alitazama kopo. Akalizungusha polepole, akisoma hata maandishi madogo ya nyuma.

"Nani amesema hii ni ya ng'ombe?" aliuliza.

Jilala alikohoa, na kikohozi chake kilielekea upande wa Luhende.

"Hapa pameandikwa ina madhara kwa mifugo," alisema Mwalimu. "Na hapa nyuma wameandika la kufanya. Ikimwagikia mwili, uoshwe kwa maji mengi na sabuni. Mama Kabula, sabuni! Leteni maji yote mliyo nayo. Msishike kwa mikono mitupu, vaeni mifuko ya nailoni. Jilala, chukua baiskeli, umfuate bwana mifugo mjini. Beba hili kopo umwonyeshe. Usimweleze kwa kichwa chako, mwonyeshe kopo!"

Wakaosha. Felisita alitoa kipande cha sabuni alichokuwa amekificha kwa ajili ya Jumapili. Luhende alibeba ndoo kutoka lamboni, akamwaga, akarudi mbio. Walisugua masikio, mgongo na tumbo. Walimfuta Madoa mdomoni asijirambe. Wakamkingia kivuli kwa magunia. Ndama wake alikuwa ameshaanza kula majani, wakamfunga mbali asije kunyonya.

"Na wewe vua hilo shati, uoge," Mwalimu alimwambia Luhende. "Limelowa dawa. Au unataka tukuoshe pamoja na ng'ombe?"

Bwana mifugo, kijana mmoja aliyeitwa Joakim, alifika amebebwa nyuma ya baiskeli ya Jilala. Alisoma kopo kwanza, ndipo akamshika ng'ombe. Akachoma sindano. Akakaa, akasubiri, akachoma nyingine.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Madoa alipoinua kichwa. Akakunja miguu ya mbele. Akasukuma, akayumba, akasimama. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa na heshima hata kidogo: akajisaidia palepale mbele ya Joakim, karibu na kiatu chake.

Felisita alicheka huku machozi yanamtoka. Luhende aliketi chini kwenye matope.

"Amepona," alisema Joakim. "Mmemuosha mapema, hilo ndilo limemsaidia. Maziwa yake msinywe mpaka nirudi niwaambie. Myamwage. Dawa ikiingia kwa ng'ombe, hupita kwenye maziwa."

"Wabeja, baba," alishukuru Felisita. "Wabeja sana."

Siku Joakim aliporudi na kusema Madoa yuko salama, Felisita alimfungua ng'ombe wake zizini. Akamshika kamba, akamswaga ndama mbele.

"Unampeleka wapi?" aliuliza Luhende.

"Migato, kwa kaka yangu Mihayo."

"Kwa nini? Si amepona?"

"Amepona dawa. Hajapona wewe." Felisita hakupaza sauti. "Baba Kabula, sijakukataza kuwa mume wangu. Lakini ng'ombe huyu hutamgusa tena na kopo lolote. Siku utakaponisomea kopo ukanieleza kila neno lina maana gani, ukanipa na mfano nikaelewa, siku hiyo tutakwenda Migato kumchukua."

Basi Madoa akaenda Migato. Jioni ile wakala ugali na mlenda. Mtoto mdogo akauliza maziwa yako wapi. Mama yake akamwambia, "Muulize Mzungu."

Luhende akaenda kwa Mwalimu Veronica.

Mwalimu alifundishia katika ghala la zamani la chama cha ushirika. Msimu wa pamba ulipokwisha, ghala lilikuwa tupu, lina harufu ya mbegu na vumbi. Wanafunzi waliketi juu ya magunia yaliyokunjwa. Ubao haukuwepo, kwa hiyo Mwalimu aliandika kwa chaki kwenye mlango mkubwa wa chuma. Luhende alipofika Jumamosi ya kwanza, alimkuta Jilala ameshakaa. Akamkuta na Felisita.

"Na wewe umekuja?" Luhende alimuuliza mke wake.

"Safari ijayo ukisoma kopo, nataka niwe najua unachosoma."

Mwalimu akamwomba Luhende ataje maneno anayoyajua. Luhende akafurahi. Akasimama, akaanza na A. Alipofika *bottom*, Mwalimu akamzuia.

"Vizuri, una maneno mengi. Sasa nikuulize kitu. Ng'ombe wako akipotea mnadani, utamtafuta kwa jina tu?"

"Kwa jina? Hapana. Nani anamjua Madoa huko? Nitasema rangi yake. Nitasema pembe zikoje na sikio limekatwa wapi. Nitasema analishwa upande gani, na hutembea na ng'ombe wa nani."

"Basi na neno mtafute hivyohivyo. Rangi na pembe ndiyo maana yake. Malisho ndiyo sentensi yake, mahali unapolikuta linatembea na wenzake. Wewe, Baba Kabula, umekariri majina ya ng'ombe wa wilaya nzima, na hujamwona hata mmoja. Ndiyo maana ulipokutana na *harmful* njiani ulimpita."

"Hakumpita," alisema Jilala. "Alimpa mkono kabisa."

Ghala zima likacheka. Luhende naye akacheka, kwa nusu ya mdomo.

Mwalimu akaandika mlangoni: *harmful*.

"Nani ataeleza maana yake? Msinipe neno moja la Kiswahili mkanyamaza. Nielezeni kama mnamweleza mtu asiyejua kabisa."

Felisita akanyoosha mkono. "Ni kitu ambacho kikikugusa, au ukikila, kinakuumiza."

"Safi. Hiyo ndiyo maana, kwa maneno yako mwenyewe. Ukiweza kueleza hivyo, neno ni lako. Sasa tunatafuta sentensi. Baba Kabula?"

Luhende alifikiri. "*This is harmful.*"

Mwalimu akaiandika. Kisha akalifuta neno *harmful*, akaandika *red*. "Hiki ni chekundu. Sentensi imekubali?"

"Imekubali."

Akafuta, akaandika *small*. "Hiki ni kidogo. Imekubali?"

"Imekubali."

"Sentensi hii inakubali kila neno. Kwa hiyo haikufundishi neno lolote. Sentensi nzuri ni ile inayoonyesha maana yenyewe. Mtu akiisoma, hata kama neno halijui, anaanza kulihisi. Tena itoe kwenye maisha yako, usiitoe hewani. Jaribu tena."

Luhende akakuna kichwa. Akatazama chini, akamtazama Felisita, akatazama mlango.

"*This medicine is harmful,*" alisema polepole. "*My cow fell down.*"

Jilala akaanza kupiga makofi.

"Hilo sasa umelikamata," alisema Mwalimu. "Dawa hii ina madhara, ng'ombe wangu alianguka. Hata mzee wa miaka mia hatalisahau neno lenye sentensi kama hiyo. Jaribuni kuweka *beautiful* pale. Itakubali?"

"Haitakubali," alisema Luhende. "Madoa mwenyewe atakataa."

Wakaenda kwenye *livestock*. Mwalimu akaeleza kwamba ni wanyama ambao mtu huwafuga ili wamfae: ng'ombe, mbuzi, kondoo.

"Fisi je?" aliuliza.

"Fisi hafugwi," alijibu Felisita. "Siyo *livestock*."

"Na nyani wanaokula mahindi yangu?" aliuliza Jilala. "Wanakaa kwangu, na ni mimi ninayewalisha."

"Hao hujawafuga, Jilala," alisema Mwalimu. "Wao ndio wamekufuga wewe. Sentensi?"

Luhende hakungoja kuchaguliwa. "*My livestock is in Migato. My brother-in-law drinks the milk.* Mifugo yangu iko Migato, shemeji anakunywa maziwa."

Walicheka mpaka vumbi la pamba likawapalia. Hata Felisita aliziba uso kwa kanga.

Tangu siku hiyo Luhende alikiweka kile kitabu cha mnadani kando. Mwalimu hakumkataza kukisoma. Alimwambia tu asianze na A. Aanze na maneno anayokutana nayo: kwenye kopo, kwenye mfuko wa mbegu, kwenye pakiti ya vidonge. Neno unalokutana nalo ndilo utakalolihitaji. Na likishaeleweka, lisiachwe lilale. Litumiwe kesho, na kesho kutwa, mpaka lizoee mdomo.

Palizi ilipofika, Felisita akabuni namna yao. Yeye na Luhende walishika kila mmoja tuta lake. Wakifika mwisho wa matuta, mmoja anataja neno. Mwenzake anaeleza maana, kisha anatoa sentensi. Akishindwa, anapalilia tuta lake linalofuata na la mwenzake pia.

Mwanzoni Luhende alipalilia sana. Jilala alipita barabarani, akamwona Felisita amekaa kivulini anakunywa maji, na Luhende ameinama peke yake.

"Mzungu, umeajiriwa?"

"Nimeshindwa *mix*," alijibu Luhende bila kuinuka.

"*Mix* ni kuweka vitu viwili pamoja na kuvikoroga viwe kitu kimoja," alisema Felisita kutoka kivulini. "*I mix flour and hot water, and we eat ugali.*"

"Na mlenda," alisema Luhende kwa huzuni.

Lakini siku zilivyokwenda, alipalilia tuta moja tu kama watu wengine. Siku nyingine Felisita ndiye aliyeinama, na Luhende akakaa kivulini. Alijaribu kutopiga mluzi, akashindwa.

Watu wakaanza tena kumletea makopo. Safari hii hakusimama kama padri. Alikaa, akasoma mbele na nyuma, akauliza kopo ni la kazi gani. Siku moja Jilala alimletea mfuko wa mbegu za mahindi zenye rangi ya waridi. Njaa ilikuwa imebisha hodi kwake, naye alitaka kusaga zilizobaki.

"Hapa wanasema zimetiwa dawa," alisema Luhende. "*Not for food.* Siyo za kula. Zipande zote, Jilala. Mahindi ya kusaga nitakupa debe."

Jilala alizitazama zile mbegu, akamtazama rafiki yake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Alisema "Wabeja" tu, akaenda zake.

Jioni ile Felisita alikuwa anasonga ugali. Bila kugeuka akasema, "Kesho twende Migato."

Wakaondoka alfajiri kwa miguu. Luhende alikuwa amefunga kamba mpya begani. Njiani alisema maneno yote aliyoyajua, kimoyomoyo, kama mtu anayekwenda kwenye mtihani.

Mihayo aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na miezi ile alikuwa ameongezeka unene. Alikuwa na kibuyu cha maziwa mkononi. Zizini Madoa alikuwa ananawiri, ngozi inang'aa.

"Shemeji Mzungu!" alisema Mihayo. "Karibu. Umekuja kututembelea?"

"Tumekuja kumchukua ng'ombe," alisema Felisita.

Mihayo akaweka kibuyu chini. "Dada, haraka ya nini? Hapa amezoea. Hapa hakuna anayempulizia dawa ya pamba. Mimi nina dawa yake ya kweli, nimenunua Bariadi, nimempulizia jana. Kule kwenu mtamuua."

"Kuna mtu sasa anajua kusoma," alisema Felisita.

"Hata mwaka ule alikuwa anajua kusoma! Si ndiyo sifa yake?" Mihayo akaingia ndani, akatoka na kopo jeupe. "Haya, shemeji. Soma. Ukijua kila neno, mchukue. Usipojua, ng'ombe anabaki."

Luhende akalipokea kopo. Madoa alikuwa pale, hatua chache tu. Akasoma taratibu.

"*For use on cattle.* Ni ya kutumia kwa ng'ombe. Hiyo ni sawa, shemeji, umenunua dawa sahihi. *Mix with clean water.* Koroga na maji safi. *Mix* ni kama Mama Kabula anavyofanya unga na maji. *Wash hands after use.* Nawa mikono ukimaliza."

Felisita aliitikia kwa kichwa kila neno. Mihayo alianza kumtazama Madoa kama mtu anayeaga.

Kisha Luhende akageuza kopo. Nyuma, kwa herufi ndogo, paliandikwa: *MILK WITHDRAWAL PERIOD: 3 DAYS.*

*Milk* alilijua, ni maziwa. *Period* alijifunza mwezi uliopita, ni muda tangu mwanzo wa jambo mpaka mwisho wake. *Days* ni siku. Lakini hilo la katikati hakuwahi kukutana nalo hata mara moja.

Mihayo aliona Luhende amekwama. "Eh? Linasemaje hapo?"

Luhende alijua jinsi ya kufanya. Sauti nene, uso mkavu, maneno mawili matatu ya kubuni. Mihayo asingejua. Huenda hata Felisita asingejua. Kamba ilikuwa begani, na zizi lilikuwa mbele yake.

Akalishusha kopo.

"Neno hili silijui," alisema.

"Hulijui!"

"Silijui. Yanayolizunguka nayajua: maziwa, muda, siku tatu. Na Joakim, bwana mifugo, alituambia dawa hupita kwenye maziwa. Kwa hiyo nahisi wanasema maziwa yasinywewe siku tatu. Lakini nahisi tu. Nitalinakili nimuulize Mwalimu. Mpaka nimuulize, shemeji, kibuyu hicho usikinywe. Umesema umempulizia jana."

Mihayo alikitazama kibuyu. Akakisogeza mbali kidogo kwa mguu. Lakini uso wake ulikuwa umeshachangamka.

"Dada, umesikia mwenyewe!" alisema, akipiga makofi. "Tulikubaliana kila neno. Amekwama. Amekiri mbele yako kwa mdomo wake kwamba hajui. Sasa utampaje ng'ombe mtu asiyejua?"

Felisita akaitoa kamba begani kwa mumewe.

"Mwaka ule alijua yote, kaka, ng'ombe akaanguka," alisema. "Leo hajui moja, na amesema hajui. Fungua zizi."